Ruzuku Yenye Tarehe: Barua ya Wazi kwa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania

Waheshimiwa Wabunge,

Barua hii inahusu kaya zaidi ya milioni moja ambazo, katika vijiji, mitaa na shehia za Tanzania Bara na Zanzibar, zimekuwa zikipokea fedha taslimu chini ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, na inaliomba Bunge jambo moja: kwamba ruzuku hiyo, ambayo imekuwa ikitolewa kama shughuli ya mradi wenye mwanzo na mwisho, iwekwe ndani ya sheria ya nchi, ili anayestahili aipate kama haki, kwa kiasi kinachojulikana na kwa tarehe inayojulikana. Maombi mengine yaliyomo humu, yanayohusu kiasi, masharti na namna ya kuwatambua walengwa, yanatokana na ombi hilo la kwanza na hayawezi kusimama bila hilo.

Neno ambalo TASAF yenyewe hulitumia kwa utaratibu huu ni uhawilishaji fedha, yaani kuhamisha fedha kutoka kwenye hazina ya umma hadi mkononi mwa kaya bila kupitia bidhaa, mgao wa chakula wala ujenzi wa jengo lolote. Neno hilo ni ndugu wa hawala, ambalo watu wa pwani na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wamelitumia tangu zamani kwa maana ya kumfikishia mtu fedha kwa mkono wa mwingine, na undugu huo haufai kupuuzwa. Katika hawala, mpokeaji hamwombi wakala amwonee huruma. Anadai kilicho chake, kwa sababu aliyetuma amekwisha kutoa ahadi na wakala amefungwa nayo. Uhawilishaji wa fedha kwa kaya maskini wa Tanzania umechukua jina la hawala bila kuchukua kifungo chake, kwa kuwa hakuna sheria inayompa mlengwa nguvu ya kudai malipo yanapochelewa, yanapopungua au yanapokoma.

Asili ya mpango inafaa kukumbushwa kwa ufupi. TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na katika awamu zake mbili za mwanzo ilijulikana vijijini hasa kwa madarasa, zahanati na visima vilivyojengwa kwa fedha zake na nguvu za wananchi. Wazo la kuipa kaya yenyewe fedha mkononi lilijaribiwa kwanza katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, ambako malipo yalianza 2010 katika vijiji 40 vilivyopatikana kwa kura kati ya vijiji 80, huku vijiji 40 vilivyobaki vikiwa kipimo cha kulinganishia. Jaribio hilo lilitangulia mpango wa taifa uliozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwezi Agosti 2012, nao ukaenea kwa kasi ambayo si miradi mingi ya nchi hii imewahi kuifikia, hata ndani ya miaka michache kaya zaidi ya milioni moja zikawa zimeandikishwa.

Katika kipindi cha kwanza cha mpango huo, kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, ikaongezewa kiasi kidogo ikiwa ina watoto, kisha ikaongezewa ruzuku yenye masharti, yaani ile iliyofungamanishwa na watoto kuhudhuria shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo na wadogo zao kupelekwa kliniki, lakini jumla ya vyote haikuruhusiwa kuvuka shilingi 38,000 kwa mwezi kwa kaya nzima. Malipo yalipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili, na mara nyingi mpokeaji alikuwa mwanamke. Sambamba na ruzuku zilikuwapo ajira za muda, ambazo ni kazi za ujira kama kuchimba malambo, kutengeneza barabara za kijiji na kupanda miti, zilizopangwa kwa siku 15 za kila mwezi katika miezi minne ya mwaka ambayo chakula huwa haba, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku, hivyo kaya iliyofanya siku zote 60 ilipata shilingi 138,000 kwa mwaka. Vikafuata vikundi vya kuweka akiba, ambavyo vilikusudiwa kuisaidia kaya kukusanya mtaji mdogo na kuanzisha shughuli ya kuiingizia kipato.

Matokeo ya jaribio la Bagamoyo, Kibaha na Chamwino yalichunguzwa na watafiti wa Benki ya Dunia wakishirikiana na TASAF, na yanastahili kusomwa na kila Mbunge ambaye amewahi kusikia, au pengine kusema mwenyewe, kwamba maskini akipewa fedha atazinywea pombe. Kaya zilizopata ruzuku zilijiunga kwa wingi zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya hiari ya vijijini, na ziliitumia bima hiyo kulipia matibabu. Watoto wadogo waliugua siku chache zaidi. Watoto wengi zaidi walivaa viatu. Na kaya zilinunua kuku na mbuzi, ambao kijijini ni akiba inayotembea, kwa kuwa huuzwa siku ya dharura. Hofu ya pombe nayo ilikwisha kupimwa katika mapana yake: uchambuzi wa David Evans na Anna Popova, uliokusanya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali, haukuona kwamba uhawilishaji fedha huongeza matumizi ya pombe na tumbaku, na mahali pengi ulikuta yamepungua. Jambo jingine lililojitokeza katika wilaya hizo tatu halikutarajiwa na wengi, nalo ni kwamba imani ya wananchi kwa viongozi wao wa vijiji iliongezeka pale ruzuku ilipofika, na pia kumbukumbu za kamati za shule na za afya zilipatikana kwa urahisi zaidi katika vijiji hivyo. Mwananchi anayetimiziwa ahadi na ofisi ya kijiji huiona ofisi hiyo kwa jicho jipya, na hili ni faida ya kisiasa kwa maana bora kabisa ya neno hilo.

Kwa hiyo swali la kama fedha mkononi zinasaidia limekwisha kujibiwa kwa kiasi kikubwa, tena kwa ushahidi uliopatikana nchini. Swali lililobaki, na ambalo halijapewa uzito wake katika mijadala ya bajeti, ni la wakati. Umaskini wa kijijini si upungufu wa fedha pekee. Ni pia kutojua fedha itaingia lini, na sehemu kubwa ya hasara anayopata maskini hutokana na kutojua huko. Mkulima wa kahawa wa Kagera ambaye hana chakula mwezi Februari, wakati mavuno yako mbali, huuza kahawa ikiwa bado maua au tunda bichi mtini kwa bei ya kutupa, biashara inayoitwa butura, ambayo serikali imeipiga marufuku mara kadhaa na ambayo hairudi nyuma kwa marufuku kwa sababu njaa haisubiri msimu wa kuvuna. Katika maeneo mengine kaya huacha shamba lake bila kupaliliwa ili ikafanye kibarua katika shamba la jirani mwenye uwezo, kwa kuwa ujira wa leo unahitajika leo, na matokeo yake ni mavuno haba ambayo yanaiandalia kaya hiyo kibarua cha mwaka unaofuata. Shilingi 20,000 zinazojulikana kwamba zitafika wiki ya kwanza ya Februari zinaweza kuiokoa kahawa yote. Shilingi hizo hizo zikifika Aprili bila kutarajiwa zitalipa sehemu ya deni ambalo limekwisha kukua.

Tarehe pia ndiyo inayomfanya mtu akopesheke. Mwenye duka la kijiji humwandikia kwenye daftari la madeni mwalimu au muuguzi bila wasiwasi kwa sababu anajua mshahara unatoka mwisho wa mwezi, si kwa sababu mwalimu ni mwaminifu kuliko bibi anayelea wajukuu. Upatu, yaani mchezo wa fedha ambao wanachama huchanga kiasi sawa na kupokezana kikapu kizima kwa zamu, humkataa mtu ambaye hawezi kuahidi mchango wa wiki ijayo, na vikundi vya akiba ambavyo mpango wenyewe unavihimiza vinaendeshwa kwa kanuni hiyo hiyo. Ni vigumu kuona jinsi ambavyo mlengwa ataweka akiba kila wiki katika kikundi alichoundiwa na mpango, ilhali mpango huo huo haumhakikishii ni mwezi gani atalipwa. Ruzuku yenye tarehe humpa maskini fedha na juu yake humpa dhamana, na dhamana hiyo haiigharimu Hazina hata senti moja ya nyongeza.

Ratiba ya kila miezi miwili iliyoandikwa katika mpango imewahi kuyumba, na sababu yake haiko kwa watendaji wa vijiji wala kwa kamati za usimamizi za jamii, ambazo hujitolea katika kazi nzito ya kuandikisha, kuita mikutano na kusimamia malipo. Sababu iko katika chanzo cha fedha. Mpango umeendeshwa kwa awamu, na kwa sehemu kubwa umetegemea mikopo nafuu ya Benki ya Dunia, kama ule wa dola milioni 450 ulioidhinishwa mwaka 2019 kwa ajili ya kipindi chake cha pili, pamoja na michango ya washirika wengine wa maendeleo. Mkopo una tarehe ya kufungwa, una masharti ya kuutoa, na kati ya awamu moja na nyingine huwa na mapengo ya majadiliano ambayo katika ofisi za Dodoma yanaitwa kipindi cha mpito, lakini katika kaya ya mlengwa ni miezi isiyo na sabuni. Si haki kwamba chakula cha mtoto wa Chamwino kifuate kalenda ya majadiliano ya mkopo.

Kuhamishia malipo kwenye simu na akaunti za benki ni hatua njema, kwa kuwa kunapunguza mikono ambayo fedha inapitia, ingawa hakutoi tarehe kwenyewe. Tena kuna la kuangalia: laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na mikono iliyochubuliwa na jembe kwa miaka sitini huenda isisomwe na mashine. Njia ya malipo kwa mkono, mbele ya kamati na mashahidi, inapaswa kubaki wazi kwa wale ambao mashine imewakataa.

Waheshimiwa Wabunge, msingi wa kisheria wa ombi hili tayari umo ndani ya Katiba. Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaielekeza mamlaka ya nchi kuweka utaratibu unaofaa ili kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, kujipatia elimu, na kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Hata hivyo ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za serikali, na Ibara ya 7 inasema wazi kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatiliwi nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Maana yake ni kwamba waliotunga Katiba waliitambua haki, kisha wakaacha mlango wake mikononi mwa Bunge, kwa sababu ni sheria inayotungwa na Bunge pekee inayoweza kuigeuza haki ya mwelekeo kuwa haki ya kudaiwa. Kenya ilipita njia tofauti: Katiba yake ya 2010, katika Ibara ya 43, inaitaka serikali kuwapatia hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wategemezi wao, na malipo ya Inua Jamii, mpango wake wa uhawilishaji fedha, yanasimama juu ya msingi huo. Kenya nayo imepata malalamiko ya ucheleweshaji, lakini mlalamikaji wa huko ana kifungu cha kukishika.

Wapo watakaosema kwamba fedha isiyotokana na jasho inapingana na urithi wa taifa, na hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa wengi wanaoitoa walilelewa na Azimio la Arusha la 1967, ambalo lilifundisha kwamba fedha ni matunda ya kazi na kwamba nchi haiwezi kujengwa kwa kuombaomba. Azimio hilo hilo, hata hivyo, lilipoeleza nani katika nchi ya kijamaa anaruhusiwa kuishi kwa jasho la wenzake bila kuitwa mnyonyaji, liliwataja watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu na wale ambao serikali kwa wakati fulani haijaweza kuwapatia kazi. Orodha hiyo, ikiwekwa kando ya orodha ya kaya zinazopokea ruzuku, inakaribia kulingana nayo mstari kwa mstari: bibi na wajukuu yatima, mjane mwenye watoto wa shule, mtu asiyeona, kijana mwenye nguvu anayesubiri siku zake 60 za ajira za muda. Uhawilishaji fedha kwa watu hao haukiuki Azimio. Unatekeleza sehemu yake ambayo haikuwahi kupata bajeti.

Kuhusu kiasi, takwimu za serikali zinajieleza zenyewe. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2011/12 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani kiwango ambacho mtu mzima akikikosa huhesabiwa kuwa maskini, kwenye shilingi 36,482 kwa mwezi. Utafiti wa 2017/18 uliuweka kwenye shilingi 49,320 na kukuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakiwa chini yake. Ikumbukwe kwamba ukomo wa ruzuku katika kipindi cha kwanza ulikuwa shilingi 38,000 kwa kaya nzima, kwa hiyo hata kaya iliyopata kiwango cha juu kabisa, pengine yenye watu sita au saba, ilipokea takribani kile ambacho mtu mzima mmoja alihesabiwa kuhitaji. Hakuna anayedai kwamba ruzuku peke yake ivushe kaya mstari huo, kwa sababu kaya hulima, hufuga na hufanya vibarua. Lakini kati ya tafiti hizo mbili mstari wenyewe ulipanda kwa zaidi ya theluthi moja, na hata ikikubaliwa kwamba namna ya kupima ilibadilika kiasi, ni dhahiri kwamba ruzuku iliyoandikwa kwa tarakimu isiyogeuka inaliwa na bei za sokoni mwaka baada ya mwaka bila mtu yeyote kutangaza kuwa imepunguzwa. Sheria inayoombwa iseme kwamba kiasi cha ruzuku kitarekebishwa kila mwaka wa fedha kwa kufuata mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na ikiwezekana kwa kufuata bei za chakula, ambazo ndizo zinazomgusa maskini kwanza.

Suala la nani apate ndilo linaloleta manung'uniko mengi zaidi katika mikutano ya hadhara, na kila Mbunge analijua. Utaratibu uliotumika una hatua tatu: mkutano wa kijiji hutaja kaya zinazoonwa na wenzao kuwa maskini kupindukia, kaya zilizotajwa huulizwa maswali kuhusu paa, sakafu, idadi ya wakazi, vyombo na mifugo, na majibu huingizwa katika hesabu inayokadiria hali ya kaya bila kuuliza kipato, kwa kuwa kipato cha mkulima hakina hati, kisha orodha hurudishwa kwa mkutano ili ithibitishwe. Huu ni utaratibu wa busara kuliko ule wa kumwachia kiongozi mmoja kalamu, na sauti ya mkutano inapaswa kulindwa. Lakini hesabu ya paa na sakafu, hata ikifanywa kwa uaminifu, hukosea sana pale ambapo karibu kila mtu ni maskini, kwa sababu tofauti kati ya kaya ya mwisho kuingia na ya kwanza kuachwa ni ndogo mno kupimika. Mjane aliyeezekewa bati na mwanawe kabla mwana huyo hajafariki atahesabiwa ana hali nzuri, na bati haliliwi. Zaidi ya hapo, kaya zinapimwa upya baada ya muda, na zile zinazoonekana kuimarika huondolewa, jambo linaloitwa kuhitimu. Kwa kaya yenye vijana wenye nguvu, kuhitimu kuna maana. Kwa mwenye miaka 75 anayelea wajukuu watatu hakuna, kwa kuwa uzee hauna mahafali.

Ndiyo maana barua hii inapendekeza kwamba sheria ianze na kundi ambalo halihitaji hesabu ya paa, nalo ni wazee. Zanzibar imekwisha kuonyesha njia: tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi imekuwa ikimlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 Pensheni Jamii kutoka katika bajeti yake yenyewe, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho baadaye kilipandishwa hadi 50,000, bila kuuliza kama mzee aliwahi kuajiriwa wala kama nyumba yake ina saruji. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa kuwafungulia mlango wenye miaka 70 na zaidi. Tanzania Bara nayo haikosi mfano wake, ingawa mdogo: huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwalipa wazee, wengi wao bibi waliobaki na wajukuu baada ya UKIMWI kuwachukua watoto wao, pensheni ndogo ya kila mwezi, na tathmini yake iliyotolewa 2008 ilipewa jina la vitu ambavyo wazee wenyewe walivinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Pensheni ya mzee, kwa maneno mengine, ni ruzuku ya mtoto iliyopitia mkono unaojua mtoto huyo anahitaji nini. Mlengwa wa aina hii hujulikana kwa umri tu, hagombanishwi na jirani yake, na hana sababu ya kuficha kuku wake siku ya kuhojiwa.

Juu ya masharti ya shule na kliniki, inatosha kusema machache. Yana sababu njema na yamesaidia mahali fulani, lakini hukumu yake humwangukia asiye na kosa pale ambapo zahanati iko mbali, mvua imekata barabara, au fomu ya mahudhurio haikujazwa na mwalimu. Jaribio lililofanywa Zomba, Malawi, lililochapishwa 2011 na Sarah Baird, Craig McIntosh na Berk Özler, liliona kwamba fedha zenye masharti ziliwaweka wasichana wengi zaidi darasani, ilhali fedha zisizo na masharti zilipunguza zaidi ndoa na mimba za utotoni, hasa kwa wasichana ambao walikuwa wameacha shule, yaani wale ambao sharti lingewanyima ruzuku katika saa waliyoihitaji kuliko wote. Inafaa basi masharti yabaki kuwa wajibu wa kufuatilia na kushauri, na kukatwa kwa fedha kusiruhusiwe kabla afisa ustawi wa jamii hajaitembelea kaya na kujua kwa nini mtoto hakwenda shule.

Hofu ya gharama na ile ya kupandisha bei vijijini nazo zisiachwe bila jibu. Katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, karibu na Ziwa Victoria, kaya zaidi ya 10,000 zilipewa kila moja takribani dola 1,000 kati ya 2014 na 2017, na utafiti uliohusisha vijiji 653 ulikuta kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za kiuchumi za takribani dola 2.5 katika eneo hilo, kwa sababu fedha ya mpokeaji ilikwenda kwa fundi, kwa mwenye kinu, kwa muuza mabati na kwa mama lishe ambao hawakuwa walengwa, huku bei zikipanda kwa kiasi kidogo mno kuweza kuhisiwa. Uchumi wa Siaya si uchumi wa Chamwino, na ruzuku ya TASAF ni ndogo sana kuliko ile, hivyo tarakimu hizo zisihamishwe kama zilivyo. Zinachoonyesha ni kwamba fedha ya maskini haitoki kijijini haraka kama inavyodhaniwa.

Bunge linajua mipaka yake. Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu Mbunge kuwasilisha mwenyewe muswada unaotoza fedha Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa jambo hilo limependekezwa na Rais. Lakini hakuna kinachomzuia Mbunge kuleta hoja ya kuitaka serikali iandae muswada huo, wala kinachozizuia Kamati za Bunge kuuliza, kila bajeti inapopitiwa kati ya Aprili na Juni, ni sehemu gani ya ruzuku italipwa kwa mapato ya ndani na ni sehemu gani inasubiri mkopo. Mafao ya kustaafu ya viongozi wa kisiasa, wakiwemo Wabunge, yamewekwa katika sheria tangu 1999, na ni sahihi kwamba yamewekwa humo, kwa sababu mtu aliyetumikia umma hapaswi kuishi uzeeni kwa kukisia. Mwanamke aliyelima mahindi ya nchi hii kwa miaka hamsini naye ameutumikia umma.

Muswada huo ukiandaliwa, uwe na vifungu vinavyoweza kusomwa na kueleweka na mtu aliyemaliza darasa la saba: anayestahili ni nani; analipwa kiasi gani, na kinarekebishwaje; analipwa siku gani; fedha ikichelewa zaidi ya siku 14, nani anawajibika kutoa maelezo mbele ya mkutano mkuu wa kijiji; na mlengwa aliyeondolewa orodhani anakata rufaa wapi kabla hajakatiwa malipo. Utekelezaji wa sehemu kubwa ya hayo hauhitaji mfumo mpya wa kompyuta. Ubao wa matangazo ulio nje ya ofisi ya mtendaji wa kijiji unatosha, tarehe za malipo yote sita ya mwaka zikiwa zimebandikwa hapo tangu mwezi Julai, mwaka wa fedha unapoanza, pamoja na kiasi na mahali pa kulalamikia, kwa herufi kubwa ambazo mzee anaweza kuzisoma bila miwani au kusomewa na mjukuu wake akitoka shule.